Mafuta ya Habasoda na Mlango wa Bibi

Makanyagio, Mpanda
14 Januari 2024

Kwako mpwa wangu Hadia,

Salaam aleikum. Ni matumaini yangu barua hii inakukuta salama huko Dodoma, wewe na masomo yako ya kemia. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima mpaka mbu wakiniuma wanapona malaria. Bibi yako naye hajambo, anakusalimia sana, anauliza kama huko chuoni wanawapikia ugali wa kueleweka au uji mzito tu.

Najua utajiuliza kwa nini mjomba kaandika barua na simu anazo mbili. Simu ni za kuitia bodaboda, Hadia. Jambo kubwa linaandikwa. Halafu barua hii ina mwenzake wa safari: konda wa basi atakukabidhi chupa niliyoifunga kwenye gazeti, kisha kwenye soksi. Soksi ni safi.

Ndani ya hiyo chupa kuna mafuta ya habasoda. Ile mashine yangu ya alizeti unaikumbuka, ulikuwa unaiogopa ukiwa mdogo. Watu wa Kakese bado wananiletea alizeti zao nawakamulia, wanabeba mafuta, mashudu wananiachia, maisha yanakwenda. Lakini mtu mwenye kichwa kama changu hawezi kuzeeka kwenye alizeti. Sasa naagiza mbegu za habasoda kwa gunia, nyeusi tititi, na nakamua mwenyewe. Nina siri moja ambayo hata kiwanda hakiijui: kabla ya kukamua nazikaanga kwanza, mpaka harufu inafika stesheni ya treni. Mbegu ikishapata moto inalainika, inatoa mafuta mpaka tone la mwisho. Nani kanifundisha? Hakuna. Shule niliondoka darasa la tano kwa hiari yangu, walimu walikuwa wamemaliza vya kunifundisha.

Kibao kipo juu ya duka, herufi nyekundu: HAIDARI HABASODA ORIJINO, DAWA YA YOTE. Na fulana nimechapisha maneno hayo hayo mgongoni, ili hata nikikupita bado unasoma.

Nguvu ya mafuta haya nisikufiche. Mwezi uliopita tembo walitoka hifadhini wakaingia mahindi ya mteja wangu kule Kakese. Mzee wa watu hana bunduki, hana ngoma, ana chupa yangu tu. Akaifungua. Tembo wa mbele akanusa, akasimama, akawaambia wenzake jambo, wakageuka wote kwa adabu, mmoja nyuma ya mwingine, kama wanafunzi wa shule ya msingi. Mahindi waliyokwisha kung'oa wakayaacha pale pale.

Lakini tangazo langu kubwa ni Bibi yako. Ile presha iliyomsumbua miaka yote, na vile vidonge vyake vya kliniki, nimemwachisha. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, mafuta ya mwanawe. Nilikodi spika nikatangaza mwenyewe sokoni: "Mama yangu mzazi, Bibi Mwanaiddi mnayemjua, kaacha vidonge!" Siku hiyo duka lilibaki na chupa tupu.

Ninachokuomba ni kidogo. Ipeleke hiyo chupa kwenye maabara yenu, waipime, waniandikie karatasi yenye muhuri kwamba haijawahi kutokea. Nitaitia fremu.

Ni mimi mjomba wako, fahari ya ukoo,
Haidari

*

Dodoma
2 Februari 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ugali tunakula wa kueleweka, mwambie Bibi asiwe na wasiwasi. Chupa imefika salama. Soksi haikuwa safi. Mwenzangu wa chumbani, Aneth, aliufungua mzigo akidhani ni karanga, mpaka leo hanisemeshi vizuri.

Mafuta nimeyapeleka maabara. Mwalimu wangu amekubali niyapime kama kazi yangu ya vitendo. Tutayapitisha kwenye mashine inayoyatenganisha vipande vipande ili tujue yameundwa na nini. Itachukua muda maana mashine ni moja na foleni ni ndefu. Nitakuandikia kila tutakachokiona, kizuri na kisicho kizuri.

Ila mjomba, kuna jambo haliwezi kungoja mashine. Nakuomba umrudishe Bibi kwenye vidonge vyake. Nakuomba kama mpwa, tena nimepiga magoti hapa ninapoandika, Aneth ni shahidi. Presha haina maumivu. Mtu anajiona mzima, anafagia, anacheka, na huku ndani mishipa inachoka, mpaka siku inapomwangusha. Habasoda ni chakula kizuri, na wapo watafiti wanaoichunguza kwa mambo mengi pamoja na hiyo presha, lakini sijasoma hata mmoja aliyesema mgonjwa atupe vidonge anywe mafuta.

Bibi nikimpigia simu haniambii kitu. "Mimi mzima, mvua zinanyesha, soma." Anakata. Wewe uko naye hapo, nyumba kwa nyumba. Mwangalie miguu. Muulize kama kichwa kinamuuma akiamka.

Huyo ndiye aliyenilea, mjomba. Wewe mwenyewe unajua mama aliponiacha pale kwenda Kigoma nilikuwa na umri gani.

Na mvua hizi, mlango wake mnausukumaje? Nakumbuka kila masika ule mlango wa mbao za mninga wa marehemu babu ulivyokuwa unavimba ukashika kwenye fremu. Nilikuwa nikitoka shule nasukuma weee, naye yuko ndani anapiga kelele, "Tumia bega, Hadia! Mlango hauogopi mikono!" Mpaka leo nikikutana na mlango mgumu naanza na bega.

Nasubiri jibu lako kuhusu vidonge.

Mpwa wako,
Hadia

*

Makanyagio, Mpanda
25 Februari 2024

Kwako Hadia, daktari wa chupa,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima, duka zima, mashine nzima. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, maana ningekuwa nimesimama ningeanguka kwa uchungu. Mpwa wangu mwenyewe! Nimekutumia chupa unisifie, umeniletea kliniki.

Sasa nikujibu. Bibi yako anapenda mafuta yangu kuliko ninavyoyapenda mimi. Zamani chupa moja ilimtosha mwezi. Siku hizi wiki haijakwisha ananiambia, "Haidari, niletee nyingine." Mtu hakipendi kitu, anakiomba cha nini? Miguu imevimba kidogo, ndiyo, lakini hii ni masika, kila kitu kinavimba. Na kichwa kinamuuma asubuhi kwa sababu ya majogoo ya jirani.

Kuhusu mlango, hapo ndipo utakaponyamaza. Mwaka huu haushiki! Mvua inapiga tangu Krismasi na mlango unafunguka kama pazia. Tena unang'aa. Juzi nilisimama pale nikajiona sura, nikanyoosha kola. Kassiani seremala alipita akauliza ni vanishi gani hiyo. Nikamwambia, Kassiani, nyumba inajua ni mama wa nani anakaa ndani.

Ila nimepata mkasa mmoja, nakueleza wewe tu, usimwambie mtu. Nilifikiri hivi: mafuta yenye nguvu ya kurudisha tembo, yakiwekwa kwenye pikipiki si itapaa? Basi nikachukua pikipiki ya Nassib, yule kijana wa bodaboda wa pale kona, nikamwambia leo nakupa huduma ya bure. Nikaipaka cheni yote mafuta ya habasoda, nikaipaka vizuri, hata mapengo nikayajaza. Siku ya kwanza ikateleza kama nyoka. Nassib akanisifia mtaa mzima. Siku ya pili akaiacha juani. Siku iliyofuata cheni ikaanza kunata. Baada ya wiki, Hadia, ile cheni ilikuwa imesimama kama fimbo! Vumbi lote la Makanyagio limekaa humo, limeganda. Nassib alikuja dukani ameibeba mkononi, haipindi.

"Mjomba Haidari," ananiambia mbele ya wateja, "hii dawa ya yote imeua pikipiki."

Nikamjibu, "Haijaua, imeipumzisha." Watu wakacheka, nikanusurika. Lakini nimeiosha kwa petroli mpaka vidole vikachubuka, na moyoni najiuliza. Grisi haifanyi vile. Mafuta ya kula niliyoyajua mimi yakimwagika yanabaki mafuta. Haya nilipoyachungulia kwenye kaunta, pale ninapomiminia kila siku, kumbe yamefanya ngozi ya njano, ngumu, mpaka unaikwangua kwa kisu.

Nieleze wewe uliyesoma. Ni nguvu gani hiyo? Nataka nijue niiandike kwenye kibao.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Haidari

*

Dodoma
15 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Bibi mnaendelea salama, na Nassib amekusamehe. Mimi sijambo. Nimecheka mpaka mwalimu akaja kuuliza, nikamsomea kisa cha cheni, sasa anakitolea mfano darasani. Umeshakuwa maarufu Dodoma.

Majibu yametoka. Nianze na sifa, najua ndizo unazozingoja. Mafuta yako ni ya kweli. Zaidi ya nusu ni asidi inayoitwa linoleiki, inayofuata ni oleiki, kama robo hivi, halafu palmitiki, na nyingine kidogo kidogo. Hizo hata alizeti inazo, ndiyo maana walaghai wanachanganya alizeti na habasoda na mtu wa kawaida hajui. Lakini habasoda ina asidi moja ya pembeni, adimu, inaitwa ikosadienoiki, ambayo kwenye alizeti huioni. Kwenye chupa yako imejitokeza waziwazi. Mwalimu alisema, "Huyu mtu ni mwaminifu." Nikamwambia ni mjomba wangu.

Sasa lisilo la sifa. Ile siri yako ya kukaanga inakupa mafuta mengi lakini inakuibia. Kwenye mbegu kuna kitu kinachoitwa thaimokwinoni. Ndicho kinachotoa ule ukali wa harufu, na ndicho watafiti wengi wanakifuatilia. Kinaruka kwa moto. Tulinunua mbegu mbichi hapa sokoni tukazikamua bila kuzikaanga, tukalinganisha na mafuta yako. Kwako kimebaki kidogo sana. Ile harufu inayofika stesheni ya treni, mjomba, ndicho chenyewe kinaondoka. Stesheni inapata dawa, wewe unabaki na mafuta.

Na cheni ya Nassib ni hivi. Linoleiki inapenda kushikana na hewa. Ukiyapaka mafuta haya kwa utando mwembamba juu ya kitu, yakapata hewa na mwanga, yanaanza kushikana yenyewe kwa yenyewe, yananata, halafu yanafanya ngozi. Mafuta ya mbegu ya kitani yanakauka kabisa, ndiyo mafundi wanatengenezea vanishi. Ya habasoda yanakauka nusu nusu, polepole, na hata ya alizeti ukiyaacha muda mrefu. Kwa hiyo kwenye cheni ni balaa, lakini kwenye mbao ni mazuri: yanazama kwenye nyuzi za mti, yanaganda humo humo, maji ya mvua hayapati pa kupita, na mti hauvimbi. Pia yanafaa sabuni, ila ukiyatumia peke yake inakuwa laini, changanya na mawese ya Kigoma ishike. Yanafaa kupaka ngozi na nywele. Wapo hata wanaojaribu kuzuia nayo kutu kwenye chuma. Ila matambara uliyofutia mafuta usiyarundike pamoja, yatandaze. Yakirundikana yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka.

Nimeandika hayo yote kwa furaha, kisha nikayasoma upya, na nilipofika kwenye maneno "mti hauvimbi" nikaweka kalamu chini.

Mjomba, mlango wa Bibi unang'aa. Mwaka huu haujavimba. Na chupa iliyokuwa inamtosha mwezi sasa haimalizi wiki.

Nani anaupaka?

Nenda ukaunuse. Tafadhali nenda leo, kisha uniandikie. Maana kama ninachofikiri ndicho, basi Bibi hanywi mafuta yako na vidonge pia hamezi. Hana kitu chochote mwilini cha kumshikia hiyo presha.

Mpwa wako,
Hadia

*

Dodoma
9 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sina salamu ndefu.

Konda aliniambia barua yangu alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma pale pale stendi ukaondoka bila kumtania. Tangu hapo kimya. Simu zako zote mbili hazipatikani. Ya Bibi inaita, inaita, inakatika. Mama huko Kigoma naye hajui lolote.

Kama umenikasirikia kwa sababu ya kukaanga, nisamehe. Karatasi yenye muhuri nimeipata, iko hapa mezani, nitakuletea. Andika hata mstari mmoja. Andika tu: Bibi yuko.

Mpwa wako,
Hadia

*

Makanyagio, Mpanda
21 Aprili 2024

Kwako mpwa wangu Hadia,

Yuko.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu ili uvute pumzi. Sasa salaam aleikum, na samahani kwa kimya. Hali yangu nitakueleza mwisho, maana ina mambo.

Barua yako niliisoma stendi nimesimama. Nikaenda moja kwa moja kwa Bibi, hata duka sikufungua. Alikuwa ndani amelala, saa nne asubuhi, yeye ambaye saa hiyo huwa ameshatwanga, ameshafua na ameshagombana na majogoo. Nikaweka pua kwenye ule mlango. Hadia, mimi ndiye ninayekaanga zile mbegu. Harufu yangu naijua hata nikiwa usingizini. Nilisimama pale na pua imegusa mbao, Kassiani akapita na randa yake akaniuliza, "Mzee, unabusu mlango?"

Nikaingia. Nikamwambia, "Mama, mafuta ninayokuletea unayafanyia nini?"

Akaniangalia. Bibi yako unamjua, hawezi uongo, uongo wote wa ukoo huu nimeuchukua mimi. Akasema, "Yananikaba kooni. Nikiyameza yanarudi. Kuyamwaga siwezi, ni jasho lako. Mlango wa marehemu ulikuwa umekauka, umepasuka pasuka, nikawa naunywesha huo. Asubuhi kijiko, jioni kijiko, kama ulivyoniambia. Siku nyingine naongeza."

"Na vidonge?"

Akageukia ukuta.

"Mama, kama mafuta hunywi, kwa nini usimeze vidonge?"

Hapo sasa, Hadia, sikiliza alivyoniambia. Alikaa kitandani akafunga kitenge vizuri. "Haidari, si ulisimama sokoni na spika ukasema mama yako kaacha? Mji mzima umesikia. Nikionekana kliniki nimepanga foleni na kadi mkononi, nani atanunua tena mafuta ya mwanangu? Watasema mama yake mwenyewe hayamwamini. Nikaona bora nikae nyumbani." Halafu akacheka kidogo, akasema, "Usihuzunike. Dawa yako si mbaya. Mlango umepona."

Nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti. Nilikaa pale mpaka jua likahama.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya presha. Nikaja na fulana yangu, ile ile yenye maneno mgongoni. Bibi akasema, "Vua hiyo, tupite njia ya nyuma." Nikamwambia, tunapita sokoni. Nikamshika mkono, tukapita sokoni, polepole, maana miguu ilikuwa mizito. Kila mtu anaangalia. Yule muuza dagaa, mwenye mdomo, akapaza sauti, "Habasoda orijino! Mnaelekea wapi na mgonjwa aliyepona?"

Nikasimama. Nikamjibu kwa sauti, bila spika: "Nampeleka mama yangu akachukue vidonge vyake. Mafuta yangu hakuwahi kuyanywa. Una swali jingine?" Akarudi kwenye dagaa wake. Nina sauti kubwa, Hadia, nadhani mpaka watu wa kijiji cha Mamba walisikia, wakaacha kupanda mpunga.

Kwenye foleni watu walikuwa kama siku ya mnada. Wengine wakaona fulana wakacheka, sawa, nilijua. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Kakese, Bibiana, mteja wangu wa tangu mwanzo, alikuwa amesimama nje ya uzio, hajaingia, kadi kaificha chini ya kanga. Aliponiona nimekaa kwenye benchi na mama yangu, akaingia, akakaa karibu yetu. Baadaye akaniambia naye alikuwa ameacha, alikuja tu kuchungulia kama kuna mtu anayemjua.

Nesi Specioza alipompima Bibi hakumaliza hata kuandika. Akamwita daktari. Wakamlaza wodini siku hiyo hiyo. Nilikaa chini, kando ya kitanda chake, simu nimezizima, maana kila aliyepiga alitaka chupa. Simu ya Bibi tuliiacha nyumbani kwenye chaji, ndiyo wewe ulikuwa unaisikia inaita nyuma ya ule mlango, na ufunguo ninao mimi. Kalamu nilikuwa nayo pia. Lakini kila nilipoanza "Hadia", nikaona neno la pili silijui. Nilitaka nikuandikie kwa furaha au nisikuandikie kabisa. Sasa naandika.

Presha imeshuka. Wamembadilishia vidonge, miguu imerudi kuwa miguu. Jana amegombana na jogoo mmoja akamshinda.

Sasa hali yangu. Nilipokuwa wodini nikamwambia Nesi Specioza, hebu nipime na mimi, nataka uone damu ya mwanaume inavyotakiwa kuwa. Nikakunja ngumi, ile mashine ikavuta, ikavuta. Akaangalia namba, akaangalia fulana yangu, akaangalia namba tena. "Mzee wa dawa ya yote," akasema, "utaondoka hapa na vidonge vyako mwenyewe." Nikamwambia mashine imeniogopa. Akasema, "Basi imeogopa mara mbili, maana nimerudia." Hata kwenye presha, Hadia, wagonjwa wote wa asubuhi ile niliwazidi. Nesi mwenyewe alikiri.

Kwa hiyo kila asubuhi naenda kwa Bibi tunameza pamoja, yeye cha kwake na mimi cha kwangu, kwenye kizingiti, anahakikisha nimefungua mdomo aone. Ana umri ule, na mimi mvi hizi, ananiambia "sema aaa."

Kibao nimekishusha. Kassiani amenitengenezea kipya, na herufi nimeziandika mwenyewe: MAFUTA YA HABASODA. CHAKULA, NGOZI, NYWELE, MILANGO. VIDONGE ENDELEA NAVYO. Sikaangi tena mbegu. Mafuta yanatoka machache lakini harufu yake sasa inabaki kwenye chupa, stesheni imelalamika. Sabuni nimejaribu na mawese, imeshika, Bibiana ameichukua yote. Na Kassiani anapaka milango ya wateja wake kwa mafuta yangu, anasema mninga unanywa kama ngamia. Matambara nayatandaza kwenye kamba kama ulivyosema, wapita njia wanadhani nina wageni wa meli nzima wamefua nguo.

Ile karatasi yenye muhuri usiitume kwa basi. Njoo nayo mwenyewe ukifunga chuo. Ule mstari wa mwalimu wako, kwamba mtu huyu ni mwaminifu, mwombe auandike kwa herufi kubwa.

Na ukifika usiku au mchana, kama mlango umerudishwa tu na umechoka na safari, usije ukaurukia ule mlango kwa bega ukaangukia ndani na mizigo yako. Gusa kwa kidole. Bibi yuko nyuma yake.

Mjomba wako,
Haidari